Masufuria Mawili ya Shimo la Saba

1

Walinzi walipojaribu kuingia mara ya kwanza tuliwarudisha kwa mawe na vyuma. Mara ya pili walimwacha mwenzao mmoja upande wetu wa mlango, na wachimbaji wakampiga mpaka kofia yake ngumu ikapasuka pamoja na kichwa. Nilikuwa pale. Sikumgusa, lakini sikusema "acheni" pia, na mtu aliyekaa darasani miaka ishirini alipaswa kusema.

Ilikuwa siku ya tatu ya mgomo, saa moja asubuhi, katika bwalo la Shimo la Saba, ngazi ya nne chini ya ardhi. Tulikuwa watu hamsini na tisa nyuma ya mlango wa chuma. Nje ya mlango ule kulikuwa na njia ya mita mia tatu ya kupanda, kisha geti, walinzi na stoo ya dawa. Baada ya hapo lilikuwepo jua la Upareni, ambalo hatukuwa tumeliona tangu Jumatatu.

Tukiwa bado tunadeki damu ya yule mlinzi, mchimbaji mmoja aitwaye Ndimbo aliweka kikombe chake cha uji mezani, akajipangusa mdomo, akautazama mkono wake. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo. Alitaka kusema kitu, damu ikamtangulia, akaanguka na benchi lake.

Gwandumi ndiye aliyemdaka. Gwandumi alikuwa kiongozi wa mgomo, Mnyakyusa mwenye mabega ya kubeba nguzo, na sauti ya mtu asiyezoea kurudia jambo.

"Huyu hajaguswa na mtu, Dokta," aliniambia. "Nimelala ubavuni kwake. Mbona anavuja?"

Nilimfunua Ndimbo midomo. Fizi zote zilikuwa zinachuruzika, na chini ya ngozi ya shingo damu ilikuwa imetuama mabaka mabaka. Alikufa kabla sijamfungua vifungo vya shati. Nilijua kilichomuua, kwa sababu nilikitengeneza mimi.

2

Niseme nilivyo, nisije nikaonekana mwema. Jina langu Nakijwa Senkondo. Mawe ya Shimo la Saba yanatoa mionzi inayokatakata DNA ya mtu, na hakuna binadamu angeweza kuyachimba wiki nzima akabaki hai kama si sindano yangu. Ndani ya sindano hiyo kuna kimeng'enya ambacho wachimbaji walikipa jina la Fundi. Kila aliyeshuka shimoni alichanjwa, walinzi pia, na mimi pia. Siku mgomo ulipoanza nilikuwa nimeshuka kupima damu. Mlango ulipofungwa waliniruhusu kutoka, nikabaki. Hawakuniteka, nilibaki kwa hasira. Kampuni ilikuwa imewanyima vidonge vya kila siku, vinavyoifanya sindano hiyo iwe salama, watu kumi na wanane kwa kukataa kushuka ngazi ya tisa, ambako paa lilikuwa linaporomoka, na ilijua fika kwamba kumnyima mtu kidonge ni kumuua.

Nilikwenda jikoni. Mpishi wetu, Mama Shelukindo, ambaye kila mtu alimwita Mama Shelu, alikuwa ameinama juu ya kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Ndani ya kinu kulikuwa na unga mweupe.

"Mama, hicho ni nini?"

"Vidonge, mwanangu. Vya kesho. Nataka vilainike kabla sijavitia kwenye uji."

"Unavitia vyote kwenye uji?"

"Tangu Jumatatu. Wenzetu kumi na wanane hawana, arobaini na mmoja wanavyo. Sasa hao wenye navyo wameze wenzao wakiwatazama? Gwandumi alisema kila kitu kiingie sufuria moja, na watu wote wakaunga mkono. Hakuna hata mmoja aliyeficha chake." Alisema hivyo kwa fahari, na kweli lilikuwa jambo la kujivunia. Ndilo lililokuwa linatuua.

Nilimkalisha kwenye gunia la mahindi, nikamweleza. Uzi wa DNA ukikatika, Fundi huenda kwenye pengo, huokota herufi moja kati ya zile zinazoelea ndani ya seli, hulijaza. Herufi hizo ni nyukleotidi. Kumbe zikiwa zinaelea huko, hazijatumika bado, oksijeni tunayoivuta huziunguza, na inayoungua upesi kuliko zote ni ile yenye guanini. Ikishaungua hugeuka ubavu na kujifanya mwenzi wa adenini, mahali ambapo si pake. Kimeng'enya tunachozaliwa nacho huikosea mara chache, kwa kuwa kiganja chake ni kidogo na huokota polepole. Mimi nilimpanulia Fundi kiganja ili aende na kasi ya mawe yale. Kwa kasi hiyo nikapewa tuzo, nikapigwa picha. Kiganja kipana hakichagui.

"Ikishaingia hiyo mbovu?" aliuliza Mama Shelu.

"Ncha ya uzi inakaa upande. Kuna kimeng'enya kingine kinachokuja nyuma kufunga, kinaikuta ncha imepinda, kinashindwa, kinaondoka. Pengo linabaki wazi. Kwa hiyo Fundi anakwenda kwenye jeraha dogo analiacha halifungiki tena. Yakifika mapengo elfu, seli inakufa. Zinaanza za utumbo na za kwenye mifupa zinakotengenezwa damu."

"Na kidonge?"

"Kidonge kinamwongezea nguvu mfagizi. Kila seli ina mfagizi wake, anayezivunja herufi zilizoungua kabla Fundi hajazifikia. Kidonge kizima, anazimaliza. Ukipunguza theluthi moja, anazidiwa, na Fundi anaokota zile zilizobaki. Hapa hakuna nusu kupona, Mama. Watu hamsini na tisa wamekula siku tatu, na ni sawa na kwamba hakuna aliyekula."

Aliusugua mchi kwa aproni. Kisha akasema, "Basi Ndimbo nimemuua mimi."

"Ni mimi," nikamwambia, na sikusema kwa kumfariji.

Tulihesabu. Vilibaki vidonge arobaini, ukiwemo huo unga kwenye kinu, na watu hamsini na wanane.

3

Gwandumi nilimkuta mlangoni akikaza nguzo kwa spana. Nilimweleza kwa kifupi: vidonge arobaini vikiliwa kizima kizima, watu arobaini wataona kesho. Vikiingia sufuria moja, hataona mtu.

Kabla hajajibu, spika ya walinzi ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Kapteni Lyatuu, mkuu wa walinzi, Mchaga wa Machame. Siku za amani tulikuwa tunataniana kila asubuhi getini, kama ilivyo kwa Mpare na Mchaga.

"Mtani wangu Nakijwa, upo? Najua upo, Mpare hawezi kuondoka kwenye kesi haijaisha. Sikilizeni wote. Tupeni wale kumi na wanane. Waliobaki mtakuta dawa mlangoni, kila mtu kidonge chake. Mna mpaka saa sita. Mtani, toka huko, sitaki kukuzika kabla ya zamu yako."

Mtu mmoja nyuma yetu alitoka mbio. Alikuwa Mwakatobe, mchimbaji wa ngazi ya sita, na alikuwa na kidonge chake tangu mwanzo wa mgomo kabla hajakitia kwenye sufuria. Alilirukia komeo, akalivuta nusu. Gwandumi alimshushia spana juu ya mkono. Nilisikia mifupa ikivunjika. Mwakatobe aliendelea kuvuta kwa mkono wa pili, akapigwa na huo pia, halafu wenzake wakamburuta wakimkanyaga mbavu mpaka akaacha kupiga kelele.

Gwandumi alinigeukia huku anahema. Alinikamata kola, akaninyanyua mpaka vidole vya miguu.

"Umemsikia? Arobaini huku, kumi na wanane kule. Hesabu yako na hesabu ya Lyatuu ni moja. Wewe umekuja kutufanyia kazi yao humuhumu ndani?"

"Watu watakufa, kaka."

"Wakifa, tumekufa wote tukiwa tumekula pamoja. Nikikuona unamgawia mtu kidonge mkononi, nitakuvunja mimi mwenyewe."

Akanishusha. Alikuwa sahihi kuhusu Lyatuu na amekosea kuhusu kila kitu kingine, na mimi sikuwa na mifupa ya kubishana naye.

4

Basi tukapika masufuria mawili.

La kushoto lilikuwa na vidonge arobaini na uji wa vikombe arobaini kamili, kwa kikombe kilekile cha bati. La kulia lilikuwa uji mtupu. Dawa ina uchungu, kwa hiyo Mama Shelu alikoroga la kulia kwa unga wa mwarobaini aliokuwa nao kwenye mkoba kwa ajili ya tumbo. Nilionja yote mawili, sikutofautisha.

Nani ale la kushoto? Asubuhi hiyo nilikuwa nimechukua tone la damu la kila mtu kwa kipimo changu cha mkononi, na kipimo kinahesabu mapengo. Niliwapanga kwenye karatasi kuanzia aliyevunjika kidogo mpaka aliyevunjika sana. Arobaini wa kwanza wangepona kwa kidonge. Waliofuata huenda wangepona, huenda wasipone. Ndivyo ninavyofundisha wanafunzi wangu: dawa haba humwendea anayeweza kuitumia. Ni rahisi sana kuifundisha.

Mama Shelu alikuwa wa kumi na tatu. Gwandumi wa ishirini. Wa arobaini alikuwa Chiwanga, Mgogo mmoja mrefu, mpole, mpasuaji wa miamba, ambaye hakuwa amewahi kuniambia zaidi ya "shikamoo Dokta" ingawa tunalingana umri. Wa arobaini na moja nilikuwa mimi.

Tofauti yetu ilikuwa mapengo mawili. Kipimo chenyewe kinaweza kukosea kwa mapengo kumi. Nilijiambia hivyo. Nilijiambia pia kwamba mimi ndiye pekee ninayejua kumrekebisha Fundi, kwamba nikifa watakufa na wengine mia mbili wa mashimo mengine, na hayo yote yalikuwa kweli. Nilifuta jina la Chiwanga, nikaliandika la kwangu pale, na la kwake nikaliandika chini. Nilitaka kuishi. Hiyo ndiyo sababu, hizo nyingine nilizikusanya baadaye.

Nilimsomea Mama Shelu orodha, yeye hakuhitaji kuiandika. Mpishi wa bwalo anajua nani anataka uji mzito na nani ana kidonda cha tumbo. Alihudumia watu wote hamsini na wanane kwa dakika kumi na tano, anachota huku, anachota kule, anasema "kunywa baba", "kunywa mwanangu", na hakuna aliyeshuku. Mimi nilipewa cha kushoto. Nilikimaliza nikakomba kikombe kwa kidole.

5

Karatasi niliitia mfukoni badala ya kuitia motoni. Gwandumi aliiona pembe yake ikichungulia, akaichomoa, akaisoma. Niliwaza kukimbia, lakini ungekimbilia wapi kwenye bwalo lililofungwa?

Ngumi ya kwanza ilinivunja taya. Ya pili sikuisikia vizuri. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, Mama Shelu amelala juu yangu kunikinga, na Gwandumi anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amka. Sema wewe mwenyewe kwa mdomo wako."

Nilisema, damu ikinitoka na meno mawili. Nilisoma majina kumi na wanane. Nilipofika kwa Chiwanga niliinamisha uso. Wanaume watatu walinijia na nyundo, na nadhani ningekufa hapo kama Chiwanga asingesimama katikati.

"Mwacheni," alisema. "Tukimuua huyu, sisi tutapata dawa wapi?"

"Stoo," nikasema. "Vimo elfu nne. Mkivifikia ndani ya saa moja na nusu, baadhi yenu mtapona. Lakini mkikimbia mtavuta hewa nyingi, na hewa ndiyo inayounguza. Kila hatua itawamaliza zaidi."

"Na tukikaa?"

"Mtamalizika polepole."

Chiwanga alitazama wale kumi na saba wenzake. Akaokota sururu. "Basi sisi tunatangulia," alisema. "Nyie mliokula dawa mje nyuma, msije mkaharibu uji wa watu."

Mtu mmoja akacheka, kweli alicheka. Gwandumi hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta akilia waziwazi, mtu mzima yule, kisha akachukua spana yake akaenda kusimama mbele pamoja nao, ingawa jina lake halikuwa miongoni mwao.

6

Mlango ulipofunguliwa walinzi walikuwa wanakunywa chai. Kumi wa kwanza walikufa na vikombe mikononi. Sitaki kulipamba jambo lile. Sururu ikiingia kwenye shingo ya mtu haitoki kirahisi, lazima umkanyage kifuani uivute, na niliona watu ninaowajua wakifanya hivyo mara tatu, mara nne.

Kisha walinzi wa juu wakajipanga na bunduki zao za misumari. Gwandumi alipigwa kwenye mita ya themanini, misumari sita kifuani, akaendelea kutembea hatua kadhaa kabla hajapiga magoti. Nyuma yake kundi la Chiwanga lilipanda likirushiwa misumari na likitapika damu lenyewe. Mwanamke mmoja alikufa bila jeraha lolote, alikaa tu chini akiwa ameshika pua. Kufikia mita mia mbili walibaki saba kati ya kumi na wanane. Chiwanga alikuwa mmoja wao, na alikuwa anapigana kwa namna iliyonitisha, sururu imeshavunjika, anatumia mpini. Niliyemfahamu ni mtu wa kupisha wenzake mlangoni.

Getini alimpata Lyatuu. Alimvunja goti, akamvuta kwa mkanda mpaka kwenye mlango wa stoo, ambao unafunguka kwa kiganja cha mkuu wa walinzi akiwa hai. Lyatuu alikunja ngumi. Chiwanga akamnyoosha vidole kimoja baada ya kingine, viwili vikavunjika, akakibandika kiganja ukutani.

"Mtani," Lyatuu aliniambia nilipopita juu yake, "usiwaache waniue."

Nilipita. Nyuma yangu nilisikia walivyomuua, na safari hii pia sikusema "acheni".

7

Ndani ya stoo nilipasua maboksi kwa mikono. Niliwagawia wale saba kwanza, vidonge viwiliviwili, nikawapima huku wakimeza. Sita kati yao walikuwa na mapengo mengi kiasi kwamba kipimo kiliwaka taa nyekundu. Nilipomchoma Chiwanga, taa ilikuwa kijani. Nilimchoma kidole kingine. Kijani. Mapengo yake yalikuwa machache kuliko ya asubuhi.

Uji mtupu haufanyi hivyo.

Nilimtafuta Mama Shelu kwa macho. Alikuwa ameketi nje ya mlango, ameegemea magurudumu ya toroli, ameshika aproni mdomoni, na aproni ilikuwa imelowa. Nilimkimbilia na vidonge mkononi. Nilimtia vitatu mdomoni, akavitema pamoja na damu. Nikatia tena, akashindwa kumeza. Nilimchoma kidole ingawa nilikwisha kujua.

"Nilikuweka kushoto, Mama," nilisema, maneno yakipinda kwenye taya iliyovunjika. "Ulikuwa wa kumi na tatu. Ulikunywa kipi?"

"Niliona ulivyofuta," alisema. "Nilikuwa nyuma yako nakoroga." Akapumzika kidogo. "Sikutaka kukuaibisha mbele za watu, mwanangu. Na yule kijana hakukosa lolote. Nikampa changu."

Niliushika mkono wake, ulikuwa bado unanuka mwarobaini.

"Usimwambie," alisema. "Atashindwa kuishi nalo. Wewe utaweza."

Hakuwa ananilaumu. Alisema vile anavyosema mtu anayempa kila mmoja kikombe anachoweza kukimaliza. Alikufa muda mfupi baadaye, wachimbaji wakimiminika kupita pembeni yetu kwenda juani, wengine wakipiga vigelegele.

Chiwanga alikuja akichechemea, damu za watu wengine zimemkaukia mpaka kwenye nyusi. Aliponiona nimemkumbatia Mama Shelu alivua kofia. Akachuchumaa mbele yangu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kama anavyoshikwa mkubwa.

"Dokta, nimeiona ile taa ya kijani, nimeelewa sasa," alisema. "Ulisoma jina langu ili kumridhisha Gwandumi tu, lakini mimi uliniwekea dawa. Sikujua. Nilikuwa nimeshakuchukia. Nisamehe. Maisha yangu yote nitakuombea."

Aliningoja nijibu. Nilimlaza Mama Shelu vizuri, nikamfunga kidevu kwa ile aproni.

"Amina," nikasema.